Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: Mfumo ukikataa, nani atatusikiliza?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Tandahimba. Naandika kuhusu akili mnemba katika huduma za serikali, jambo ambalo huku kwetu bado halijapamba moto, na ndiyo maana nimeona nisisubiri. Ombi langu ni moja. Kabla mfumo wowote wa kompyuta haujapewa kazi ya kuamua nani apate pembejeo, nani aingie kwenye orodha ya kaya maskini au nani atiliwe shaka, awepo kwanza mtumishi katika ngazi ya kata mwenye mamlaka ya kutengua uamuzi wa mfumo huo, na autengue ndani ya siku chache.

Sipingi teknolojia. Mahakama ya Tanzania imeshaanza kutumia akili mnemba kunukuu na kutafsiri mienendo ya mashauri, kazi iliyowachosha mahakimu kwa kuandika kwa mkono miaka mingi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta zinazosoma picha za eksirei ya kifua kutafuta dalili za kifua kikuu. Kwa mikoa ya kusini, ambako madaktari bingwa wa kusoma picha ni wa kutafuta kwa tochi, hiyo ni neema. Lakini tazama, Mheshimiwa, jinsi kazi hiyo inavyokwenda: kompyuta ikishuku, mgonjwa anapimwa makohozi. Shaka inafuatwa na kipimo. Kwenye ruzuku na misaada, shaka ya kompyuta mara nyingi ndiyo inageuka hukumu, na anayehukumiwa haambiwi hata kosa lake.

Australia walipitia haya. Kuanzia mwaka 2015 serikali yao iliendesha mpango uliokuja kujulikana kama Robodebt. Kompyuta ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima kutoka mamlaka ya kodi, ikakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, kisha ikalinganisha na alichokuwa ametamka yeye alipokuwa anapokea msaada. Namba zisipolingana, anaandikiwa barua kwamba anadaiwa. Sasa chukua mtu aliyefanya kibarua miezi mitatu, akakaa bila kazi miezi iliyobaki. Kwa hesabu ile anaonekana alikuwa na kipato mwaka mzima, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ikawa ya kwake. Mamia ya maelfu ya watu waliandikiwa madeni wasiyodaiwa. Mwaka 2020 serikali ilikubali kurudisha fedha, na Julai 2023 tume ya uchunguzi ikatoa ripoti iliyoulaani mpango mzima. Wala haikuwa akili mnemba ya kisasa. Ilikuwa hesabu ya kugawanya tu, iliyoachwa ijiendeshe bila mtu wa kuisimamia.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu linatuhusu sisi wa korosho kuliko karibu mtu yeyote. Fedha ya mkulima wa Tandahimba, Newala au Masasi inaingia kwa mkupuo, minada inapoanza Oktoba. Simu yake mwezi Novemba inaonesha laki kadhaa. Ikifika Februari, ada zimelipwa, madeni ya dukani yamelipwa, na ndani hakuna kitu hadi mahindi yakomae. Mfumo utakaopiga wastani wa miamala yake utasema huyu anajiweza. Mwenyekiti wa kitongoji anajua kwamba watoto wake wanalala na uji. Nani kati ya hao wawili atasikilizwa?

Uholanzi nako, mfumo wa mamlaka ya kodi ulikuwa ukipima hatari ya udanganyifu kwa waombaji wa ruzuku ya malezi ya watoto, na kutokuwa na uraia wa nchi ile kukahesabiwa kama alama ya hatari. Maelfu ya familia ziliandamwa zirudishe fedha ambazo hazikuwa zimeiba. Januari 2021 baraza la mawaziri likajiuzulu.

Hapa kwetu tuna matatizo ambayo mtengenezaji wa mfumo aliyeko mbali hawezi kuyawaza. Wapo akina mama wanaobangua korosho kwa mkono. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wanapaka majivu, lakini baada ya misimu kadhaa ncha za vidole zinakuwa nyeusi, laini, hazina mistari. Nilikuwepo kwenye dirisha moja la huduma wakati mama mmoja wa kijijini kwetu akiweka dole gumba kwenye kile kifaa cha kusoma alama za vidole. Akaambiwa afute. Akafuta kwa khanga. Akaambiwa aweke kidole kingine, kisha kingine, mpaka mikono yote miwili ikaisha. Kijana wa dirishani, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akamwambia, "Mama, mfumo umekukataa." Kitambulisho chake kilikuwa mezani, na nusu ya watu kwenye foleni ile walikuwa wanamfahamu tangu utoto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoweza kumsaidia.

Wapo watakaosema dawa ni kutumia sura badala ya vidole. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti kuhusu mifumo mitatu ya biashara inayotambua jinsia ya mtu kwa kutazama sura. Kwa wanaume weupe ilikosea chini ya mara moja katika mia. Kwa wanawake weusi, mfumo uliofanya vibaya zaidi ulikosea karibu mara 35 katika mia. Mifumo imeboreshwa tangu wakati huo, lakini kabla ya kununuliwa mmoja ningependa kujua umejaribiwa kwa akina mama wangapi wa Nanyamba.

Na mashamba je? Kwa mila zetu Wamakonde, pamoja na Wamwera na Wayao, mali imekuwa ikipita upande wa mama. Mtu anapalilia na kuvuna mikorosho ambayo kwenye daftari bado ina jina la mjomba aliyekwisha kufariki. Siku picha za satelaiti zitakapotumika kuhesabu mikorosho, zitakuta matawi ya miti ya wazee yameshikana na mipaka haionekani. Kilo zikizidi makadirio, mkulima ataitwa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho za wenzake kinyume cha utaratibu. Tunakumbuka msimu wa 2018/19, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na uhakiki ukafanyika. Wengi walisubiri sana malipo yao. Lakini mhakiki alikuwa mtu, na mtu unaweza kumpeleka shambani ukamwonesha mti mmoja mmoja.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitegemee mashine peke yake. Haki hiyo haina maana kama wa kuilalamikia yuko Dodoma na nauli ndiyo iliyokosekana.

Kuhusu muda nasisitiza, Mheshimiwa. Salfa inapulizwa mikorosho inapotoa maua, kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Aliyeondolewa kwenye orodha kimakosa mwezi Juni na kurudishwa Septemba amekwisha poteza msimu, hata kama ameandikiwa barua ya kuombwa radhi. Kwa hiyo afisa wa kata apewe siku saba. Asiyekubaliwa apewe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili cha kueleweka, na jina la mtumishi aliyeipitia. Kila halmashauri ibandike kwenye ubao wa matangazo mifumo yote inayochangia kuamua mambo ya wananchi, na taarifa gani zetu inazitumia. Wenye vidole vilivyoungua waandikiwe utaratibu mwingine wa kuthibitishwa, kwa mfano mashahidi wawili na mwenyekiti wa kijiji, na utaratibu huo usiwe hisani ya aliyeko dirishani.

Haya yako ndani ya uwezo wa ofisi yako kuyasimamia au kuyafikisha wizarani. Tunaomba jibu kabla ya ugawaji wa pembejeo wa msimu ujao, na lisomwe kwenye mikutano ya vijiji ili hata wasio na simu walisikie.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa korosho, Tandahimba