YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUMBUKUMBU ZA UONGO KWENYE UKURASA WA SARAFU YANGU

Rau, Moshi
11 Agosti 2025

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wachezaji,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwongoza watalii wa mlima Kilimanjaro, na ni mmiliki wa sarafu moja ya safari iliyosajiliwa kwenye tovuti yenu ya jiokashingi, mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa vipimo vya setilaiti. Watu wanaandika kwenye ukurasa wake kwamba wameishika au wameiona, na si kweli. Barua tatu za mwanzo niliwaandikia kwa Kiingereza, mkanijibu kwa maneno ambayo naona mnamjibu kila mtu. Hii ya nne naandika kwa Kiswahili, maana nataka kulieleza jambo hili lote bila kuhangaika kutafuta maneno, na wanafunzi ambao limewaumiza wataisoma kabla sijaituma. Mtafuteni wa kuwasomea.

Sarafu yenyewe ni ya chuma, upana wake unakaribia sentimita 4. Upande mmoja una mlima. Upande wa pili, pembezoni kabisa, imechongwa namba ya siri, herufi na tarakimu ndogo hata mimi huwa naiinamisha kwenye mwanga ndipo niisome. Nilipewa mwaka 2019 na mama mmoja wa Denmark niliyempandisha kwa njia ya Machame. Alikuwa aje na mumewe, mumewe akafariki miezi mitano kabla ya safari, akaja peke yake akapanda mpaka kilele cha Uhuru. Tuliposhuka, pale getini Mweka, wapagazi wakiwa wanapima mizigo, alinishika mkono akaniwekea ile sarafu kiganjani na kuniambia kwamba mumewe ndiye aliyeinunua. Akafungua simu yake akanihamishia umiliki kwenye tovuti yenu hapo hapo. Kazi tuliyoiandikia ni moja: izunguke nchi zenye milima, itoke kificho hiki iende kile kwa mikono ya wachezaji, kisha irudi Moshi.

Nakala ya barua hii itafika kwa wazazi ambao hawaujui mchezo wa jiokashingi, kwa hiyo mniwie radhi nikieleza mambo mnayoyajua. Mwaka 2000, tarehe 2 Mei, Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zake za GPS, na vifaa vya raia vikaanza kuonyesha mahali kwa usahihi mkubwa zaidi kuliko awali. Kesho yake tu, tarehe 3 Mei, mtu mmoja huko Oregon anayeitwa Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi ya plastiki porini, akatangaza mahali ilipo kwa vipimo vya latitudo na longitudo, akawakaribisha watu waitafute. Ndani ya ndoo aliweka vitu vya kubadilishana, pamoja na daftari na penseli. Anayefika anachukua kitu, anaacha kitu, anaandika. Hilo daftari limekuwamo tangu siku ya kwanza, na ndilo linalonifanya niwaandikie. Sarafu kama yangu zilikuja baadaye: kila moja ina namba yake, anayeikuta kwenye kificho anaichukua, anaipeleka kificho kingine, na anaandika kwenye ukurasa wake mtandaoni kwa kuingiza namba hiyo. Asiyeichukua lakini ameiona kwa macho, naye ana nafasi ya kuandika kwamba ameiona. Ukurasa unajumlisha kilomita na kuchora mstari kwenye ramani.

Mstari wa sarafu yangu ulikuwa mzuri. Ilitoka hapa, mgeni mmoja akaipeleka Cape Town, karibu kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka, ikakaa chini ya Table Mountain miezi mingi wakati wa korona. Ikaenda Uswisi. Ikaenda Norway, na huko mtu akaipiga picha juu ya jiwe lenye theluji, akaficha namba kwa kidole gumba chake kama inavyotakiwa. Januari mwaka huu ilirudi Moshi mkononi mwa kijana wa Kinorwe aliyekuja kupanda mlima.

Safari yote hiyo ilifuatwa na watoto wa klabu ya jiografia ya shule ya msingi iliyo jirani na kwangu. Ninakwenda pale Alhamisi nisipokuwa mlimani. Mwalimu wao alipata ramani kubwa ya dunia, tukaibandika ukutani, na kila sarafu inapohama mtoto mmoja anachomeka pini na kuvuta uzi mwekundu. Wamejifunza Cape Town iko wapi kwa sababu ya ule uzi. Wamejifunza kwa nini Norway Desemba jua ni haba. Nasema haya ili mjue nani aliyedanganywa, maana barua zenu zinamtaja mmiliki tu.

Kosa la kwanza lilitokea Februari, na naliita kosa kwa sababu aliyelifanya ni muungwana. Sarafu ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya kopo la kahawa, ikisubiri mgeni wa kuitoa tena. Alhamisi moja nikaipeleka darasani watoto waishike. Imewekwa juu ya meza, wanapokezana, na mwalimu amefungua ukurasa kwenye kompyuta. Binti mmoja wa darasa la sita akatazama kioo, akatazama meza, akaniuliza: "Anko, mbona hapa wanasema iko Czech?" Kweli, kulikuwa na mtu ameandika kwamba ameichukua, kisha kwamba ameiweka kwenye kificho msituni huko Jamhuri ya Czech. Umbali wa zaidi ya kilomita 6,000 umeongezwa, na sarafu iko mbele yetu ina jasho la mikono ya watoto.

Nilimwandikia mtu huyo usiku ule ule. Akajibu kesho yake asubuhi, ameaibika, akanitumia picha ya sarafu aliyokuwa nayo: ya buluu, ina umbo la kobe. Namba yake na yangu zinatofautiana kwa alama moja tu, yake ina 8 na yangu ina B, naye aliisoma kwa tochi. Akafuta alichoandika. Hata hivyo ukurasa uliendelea kuonyesha kwamba sarafu yangu iko kwenye kile kificho mpaka nilipoirudisha kwangu mwenyewe. Na yule kobe wa buluu, ambaye ana mwenyewe anayemsubiri mahali fulani, kwa siku zile zote hakuwa na rekodi ya mahali alipo. Kosa la alama moja liliumiza sarafu mbili. Programu yenu ya simu ilipokea namba ikaandika, basi. Haikumwonyesha picha ya mlima na kumwuliza kama hiki ndicho kitu alichoshika. Angeulizwa, angesema hapana.

La pili ndilo lililonifanya nikose usingizi. Machi, ndani ya siku mbili, watu 37 waliandika kwamba wameiona sarafu yangu. Wengi waliweka neno moja la asante na hakuna mahali. Wengine waliandika sentensi ileile, nukta kwa nukta. Mmoja alitaja mkusanyiko wa wachezaji huko Ulaya na akasema aliiona pale mezani siku ya Jumamosi. Jumamosi hiyo sarafu ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti langu. Nilikuwa nimeipandisha mlimani kwa kumbukumbu ya mzee wa Denmark, mume wa yule mama, na saa anazosema aliiona nilikuwa nateremka Mweka kwenye tope, nimemshika mgeni aliyeumia goti.

Niliwaandikia wote 37. Sita walijibu. Mmoja wao, na ninamshukuru kwa ukweli wake, alikiri kwamba hajawahi kuiona: alipewa orodha ya namba, akazipitisha zote jioni moja ili hesabu yake ikue na alama za sarafu zijae kwenye ukurasa wake. Mwingine aliniambia nifurahi, sarafu yangu imekuwa maarufu. Nilipochunguza namba ilivujia wapi, nikakuta mgeni mmoja alipandisha picha kwenye ukurasa wa sarafu, upande wa pili wote uko wazi, unasomeka. Niliwaomba muiondoe siku hiyo hiyo. Mliiondoa baada ya siku 19.

Majibu yenu ninayo yote. La kwanza lilisema mmepokea barua yangu. La pili lilisema kufuta kumbukumbu za uongo ni jukumu la mmiliki, nizifute moja moja. Nilizifuta. Kila niliyoifuta niliona jina la mtu, na mbili kati ya hizo nilizifuta kwa kuonea, maana nilikuja kugundua wale walikuwa wapandaji wa kweli niliowaonyesha sarafu kambini Barafu. Niliwaomba radhi. La tatu likanishauri niufunge ukurasa asiandike mtu tena. Ndugu zangu, nikiufunga nimemfungia mwongo na mkweli kwa ufunguo mmoja. Atakayeikuta kesho kwenye kificho, ametembea saa tatu kuifuata, ataandika wapi?

Niwaeleze sisi tunavyofanya. Mlima wetu una kitabu kila kambi. Mgeni anafika Barafu amechoka, upepo unapiga, inambidi avue glavu aandike jina, nchi, umri, njia aliyopita, aweke saini. Nimeona kalamu ikigoma kwa baridi, mtu anaipulizia pumzi mpaka wino utoke, kisha anaandika. Hakuna mwongoza watalii mwenye akili atakayemwandikia mgeni aliyebaki chini, maana mtu akipotea usiku kitabu hicho ndicho kinachotuambia tutafute wapi. Na tukishuka, anayepewa cheti cha Uhuru ni yule aliyefika mita 5,895. Aliyeishia Stella Point, chini kidogo ya kilele, anapata cheti cha Stella Point, hata kama amelipa pesa zilezile na ametokwa na machozi mbele yangu. Nimewahi kuombwa niseme amefika. Nimekataa, na bado ni marafiki zangu.

Kwa hiyo siwezi kukubali maneno ya yule aliyeniambia kuwa huu ni mchezo tu. Kitabu ni kitabu. Aliyeshika sarafu kweli, yule wa Norway aliyeziba namba kwa kidole chake kwenye theluji, jina lake lilikaa katikati ya lundo la watu ambao hawakutoka sebuleni. Watoto waliniuliza kama Norway nayo ilikuwa kweli. Nilikaa kimya kwanza, kisha nikawaonyesha ile picha tena, na nikaona wengine hawajaridhika.

Ninachoomba kinawezekana. Mtu akiingiza namba, kabla ya kuandikwa chochote, aonyeshwe picha na jina la sarafu na athibitishe kwamba ndiyo aliyoshika. Hilo pekee lingewaokoa watu kama yule wa Czech. Anayeandika kwamba ameona alazimike kutaja tarehe na mahali, na mmiliki awe na uwezo wa kuziweka kumbukumbu hizo pembeni mpaka azipitie, kabla hazijahesabiwa popote. Sarafu ambayo mmiliki ameandika kuwa iko mkononi mwake isiweze kuchukuliwa na mtu mwingine bila yeye kuulizwa. Picha inayoonyesha namba ya siri iondolewe ndani ya siku moja, maana kila siku inayopita inanakiliwa upya. Na akaunti inayoandika kuona mamia ya sarafu ndani ya saa moja, zilizoko mabara tofauti, mnaiona ninyi kabla yangu. Mimi naona ukurasa mmoja tu, ninyi mnaona zote. Mnielewe, sitaki mumfukuze mtu. Nataka hesabu ya uongo isimpe mtu faida, na wale 35 waliobaki, ukiwatoa wapandaji wawili wa kweli, waandikiwe na ninyi, kwa jina la kampuni, waambiwe kwamba walichofanya si sawa.

Najua namba haiwezi kubadilishwa, imechongwa kwenye chuma. Hilo mlinieleza na nimelikubali. Basi ilindeni kwa njia iliyobaki.

Tarehe 20 Septemba nina mgeni anayeshuka kwa njia ya Marangu, na kutoka hapa anakwenda Nepal. Ameshakubali kuichukua sarafu. Kabla ya hapo naomba barua iliyoandikwa na mtu, yenye jina lake, inayosema mmefanya nini na bado mnafanya nini. Nitaisoma darasani Alhamisi itakayofuata. Pini ya Czech tuliing'oa ukutani, tundu lake bado lipo kwenye ramani, na yule binti wa darasa la sita ameshika uzi wa kwenda Nepal mkononi, ananiuliza kila wiki kama aufunge au asubiri kwanza.

Wenu katika mchezo,

Mmiliki wa sarafu
Mwongoza watalii, Moshi

Nakala: Mwalimu mlezi, Klabu ya Jiografia