Barua ya malalamiko: masta silinda iliyoandikwa 14 kwenye boksi na 11/16 kwenye chuma

Uyole, Mbeya
9 Juni 2025

Meneja wa Mauzo,
Duka la Spea za Pikipiki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MASTA SILINDA YA BREKI ISIYOLINGANA NA LEBO YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 12 Mei niliwalipa Sh 640,000 kwa simu kwa ajili ya vifaa vya kubadilisha breki ya mbele ya Honda CB350 ya mwaka 1971, kutoka dramu kwenda diski. Niliagiza diski, kalipa ya pistoni mbili (kile kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski), masta silinda (ile pampu ya mafuta iliyo kwenye mkono wa breki) yenye tundu la milimita 14, paipu iliyosukwa kwa waya na mafuta ya breki DOT 4. Habu ya diski na shokapu za mbele nilikwisha kuzipata kwingine. Fedha hiyo ilikuwa ya viazi vya msimu mzima.

Pikipiki hii aliiacha baba mdogo. Aliitengeneza kwa ajili ya mbio: akang'oa taa, akashusha hendeli, akasogeza nyuma sehemu za kukanyagia. Breki hakuigusa, na sisemi kwamba ile dramu ni mbovu. Ina shuu mbili zinazobana dramu kwa ndani, kila moja na kemu yake ya kuisukuma, na zote mbili tairi linapozunguka huzidi kuzivutia kwenye dramu, kwa hiyo ikiwa ya baridi inashika vizuri sana. Shida ni barabara zetu. Ukishapita Isyonje ukaanza kuteremkia Kiwira na Tukuyu, dramu inapata joto, inatanuka na kuziacha shuu, na mkono wa breki unakuja mpaka unagusa hendeli. Mara mbili nimefika chini kwa kutegemea gia na breki ya nyuma. Ndiyo sababu nikatafuta diski.

Mzigo ulifika stendi baada ya siku mbili, na kwa hilo nawashukuru. Diski imenyooka. Kalipa ni ileile niliyoagiza, sina ugomvi nayo. Fundi wangu wa Mwanjelwa alifunga kila kitu, akatoa upepo mpaka paipu haikuwa na povu hata moja. Nikaijaribu kwenye barabara ya vumbi, tambarare, karibu na shamba. Mkono ulikuwa mgumu kama umefungwa kwenye ukuta. Nilibana kwa vidole vinne, kwa nguvu zangu zote, na pikipiki ikapunguza mwendo polepole kana kwamba nimeachia mafuta tu.

Nilipowapigia, kijana wenu wa huduma aliniambia kuna upepo kwenye paipu. Nikamweleza kwamba mkono ni mgumu. Akarudia kwamba ni upepo. Ndugu Meneja, upepo unabonyea, kwa hiyo ukiwemo mkono huwa laini na unazama. Fundi yeyote wa bodaboda anajua hilo, na mtu anayejibu simu za wateja wa breki anapaswa kulijua pia. Siku ya pili mwenzake akasema pikipiki za zamani hazikubali diski. Honda wenyewe waliweka diski mbele kwenye CB750 mwaka 1969, na CB350G ya mwaka 1973 ilitoka kiwandani na diski. Jibu hilo liliniumiza kuliko la kwanza, kwa sababu lilikuwa la kunifukuza.

Basi fundi akaishusha masta silinda na kuifuta mafuta. Ubavuni mwa chuma, chini ya kikombe cha mafuta, pameandikwa 11/16. Hiyo ni sehemu ya inchi, sawa na milimita 17.46. Akatoa pistoni, akapima tundu kwa vernia, yaani kipimo cha upana wa vitu vidogo, na kipimo kikakubaliana na chuma. Lebo iliyobandikwa juu ya boksi, yenye jina la duka lenu, inasema 14.

Mtu anaweza kudhani milimita tatu na nusu ni kitu kidogo. Lakini shinikizo la mafuta linategemea eneo la pistoni, si upana wake: eneo likiwa kubwa, nguvu ileile hutawanyika na shinikizo hupungua. Zidisha 14 kwa 14 upate 196; zidisha 17.46 kwa 17.46 upate karibu 305. Kwa kubana kwa nguvu ileile ya mkono, shinikizo linalofika kwenye kalipa ni asilimia 64 tu ya lile nililotarajia. Zaidi ya theluthi imepotea kabla pedi hazijagusa diski. Masta silinda hii si mbovu, ila ni ya pikipiki yenye kalipa mbili kubwa mbele. Kwangu mimi mwenye kalipa moja ni hatari.

Mafuta nayo yalikuja yakiwa yamefunguliwa. Utepe wa chini ya kifuniko ulikuwa umechanika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishaingia maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Sikuyatumia. Nilinunua chupa nyingine hapa Mbeya kwa Sh 12,000.

Hapa kwetu kila mtu anaujua mteremko wa Iwambi, na tumeshazika watu waliokuwa chini ya mteremko ule wakati lori lililofeli breki likishuka. Kwa hiyo naomba msinielewe kama mzee anayelilia pikipiki ya kizamani. Masta silinda kama hii hamkuwa nayo moja tu. Kama boksi langu lilibandikwa lebo isiyo yake, yapo mengine, na baadhi yatakuwa yamefungwa kwenye bodaboda zenye diski mbele zinazobeba abiria. Dereva yule hana vernia. Ataambiwa ni upepo, na ataamini.

Ninachotaka ni masta silinda ya milimita 14, iliyopimwa mbele ya fundi wenu na kupigwa picha kabla ya kutumwa, pamoja na Sh 12,000 ya mafuta na Sh 15,000 niliyolipia mzigo. Kisha mfungue maboksi yote ya shehena hiyo, mlinganishe lebo na chuma, na muwapigie wote walionunua. Namba zao za simu mnazo, kwa kuwa wengi wetu tulilipa kwa simu. Hili la mwisho nalitaka kuliko fedha yangu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka nakala pamoja na picha Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji dhidi ya bidhaa zenye maelezo ya uongo.

Picha nne nimeziambatanisha: lebo, maandishi ya kwenye chuma, vernia ikiwa ndani ya tundu, na risiti. Masta silinda yenyewe nimeirudisha kwenye boksi lake na lebo sijaibandua. Mkimtuma mtu aje kuichukua, ataikuta kwa fundi Mwanjelwa, pembeni ya pikipiki iliyosimama bila breki ya mbele.

Wenu,
Mteja, Uyole, Mbeya