Ile sanamu ya Cochiti si kinyago

Mhariri,

Ile picha ya mzee wa udongo aliyefumba macho, watoto wamemjaa mapajani na mabegani, mmeiandikia chini kuwa ni kinyago cha kale cha Wahindi Wekundu. Kinyago huchongwa kwa mti, hicho kimefinyangwa. Mhindi, kwa msomaji wa Kiswahili, ni mtu wa Bara Hindi. Wenye kazi hiyo ni Wapueblo, wenyeji wa asili wa New Mexico, Marekani. Wana vijiji 19 katika jimbo hilo, na kila kijiji kina viongozi wake, udongo wake na mkono wake wa ufinyanzi.

Wala si ya kale. Sanamu ya aina hiyo, iitwayo msimulizi, ilianza 1964 katika kijiji cha Cochiti, kimojawapo cha hivyo 19. Wafinyanzi wa hapo tayari walikuwa na sanamu ya mama anayeimba amepakata mtoto. Mkusanyaji wa sanaa Alexander Girard alinunua vijisanamu vya mfinyanzi wa hapo, Helen Cordero, akamwomba afinyange kubwa zaidi, yenye watoto wengi. Cordero akamweka mwanamume badala ya mama, akimkumbuka babu yake Santiago Quintana, msimulizi aliyesifika, na akampachika watoto watano. Siku hizi utakuta hata 30.

Lakini kilichonisukuma kuandika ni bei. Sanamu mbili zinazofanana kwa mbali zinaweza kupishana bei mara nyingi, kwa sababu moja imefinyangwa kwa mkono na nyingine imemiminwa kwenye kalibu kisha ikapakwa rangi za dukani.

Ya mkono huanzia mlimani. Udongo huchimbwa, hukaushwa, hulowekwa siku kadhaa, huchujwa mawe na mizizi, kisha huchanganywa na mchanga laini wa volkano. Bila mchanga huo udongo husinyaa mno ukikauka, nao hupasuka. Wafinyanzi wa Acoma, kijiji kingine cha Wapueblo, hawatumii mchanga bali vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikasagwa unga. Sisi husema mfinyanzi hulia gaeni. Wa Acoma hulirudisha gae kwenye udongo.

Kiwiliwili hujengwa kwa kamba za udongo zilizopandishwa moja juu ya nyingine, ndani kitupu, na tundu huachwa ili hewa itoke. Watoto hufinyangwa mmoja mmoja, hugandishwa kwa uji wa udongo uleule. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Mtoto akiwa mkavu kuliko kiwiliwili anakobandikwa, viwili hivyo husinyaa kwa mwendo tofauti na kiungo huachia, pengine siku hiyohiyo, pengine motoni. Zikishakauka, husuguliwa, hupakwa uji wa udongo mweupe tabaka jembamba baada ya jembamba, na kung'arishwa kwa kitambaa. Tabaka nene hubanduka.

Rangi nyekundu ni udongo. Nyeusi ni mmea uitwao guaco: huchumwa ungali mchanga, huchemshwa hadi uwe mzito kama asali, kisha hukaushwa vikawa vipande. Mchoraji huloweka kipande kwa maji kidogo. Moto ukizidi, weusi huo huungua ukapauka.

Uchomaji ni nje, juu ya wavu wa chuma, kwa kuni za mwerezi na mavi makavu ya ng'ombe, alfajiri kabla upepo haujaamka. Upepo ukisukuma moshi kwenye sanamu huacha baka jeusi. Unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke, sanamu hupasuka kwa kishindo, na vipande vyake huweza kuangusha za jirani.

Kwa hiyo mnunuzi aigeuze sanamu. Ya kalibu ina mstari wa kuungia pembeni, unene uleule kila mahali, na pacha wake yuko rafu ya pili. Ya mkono ina alama za vidole ndani ya tundu, baka dogo la moshi mara nyingine, na chini jina la mfinyanzi na kijiji chake. Sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuuza kitu kwa kudai uongo kwamba kimetengenezwa na wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Faini kwa mtu mmoja yaweza kufika dola 250,000, au kifungo cha miaka 5. Ila kama ni ya mkono au ya kalibu, hilo muulize muuzaji waziwazi, na akuandikie kwenye risiti.

Mwenye kupewa zawadi hiyo asiioshe. Udongo huo haukuchomwa kwa moto wa kiwandani, hunywa maji, na rangi zaweza kutoka. Brashi laini kavu inatosha. Aiinue kwa kiwiliwili, kamwe si kwa mtoto.

Naomba sahihisho litoke ukurasa uleule wa picha.

Msomaji wenu,
Morogoro