Tundu la Mwamba wa Kamishikimi

Takamori, Kumamoto, Japani

Somo yangu mpenzi,

Barua yako ilinifikia Jumatano, nikairudia mara mbili pale ulipoandika habari za mtihani uliokushinda. Jumamosi nikapanda treni ya Minamiaso, reli iliyokatika kwa tetemeko la 2016 ikafunguliwa yote tena 2023, nikashuka Takamori, kituo cha mwisho. Nilikuwa nakwenda Kamishikimi Kumanoimasu, hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, lililojificha msituni.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Ukipita lango la torii, ngazi zaidi ya 260 zinapanda katikati ya mierezi, na kandokando zimesimama taa za mawe karibu mia, zimeota ukoga wa kijani laini kama mahameli. Nilipanda kwa ukingoni, maana katikati ya njia huachiwa mungu apite. Adabu hiyo niliipenda sana, somo. Hakuna mtu, hakuna anayekutazama, na bado unapisha.

Juu kuna hekalu dogo la mbao. Wenyewe hutupa sarafu, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama tena. Mimi sala yangu ina kibla chake, wajua. Nilisimama kimya kama mgeni barazani kwa watu.

Nyuma yake, ukipanda zaidi, upo mwamba mkubwa wenye tundu, upepo baridi unapita ndani yake. Husimuliwa kuwa Kihachi, mtumishi wa mungu Takeiwatatsu, alichoka kuokota mishale ya bwana wake, ule wa mia akaurudisha kwa teke. Bwana akaghadhibika. Kihachi akatoroka, akautoboa mwamba huu kwa teke, akapita. Ndiyo maana wenye jambo gumu mbele yao huja hapa, nami nikakukumbuka.

Lakini baadaye alikamatwa, akakatwa kichwa, na uchungu wake ukawa jalidi inayoharibu mpunga. Hadi leo, kwenye hekalu liitwalo Shimo, yaani jalidi kwa Kijapani, huko Aso, moto hukokwa siku 59 kuanzia Agosti ili apate joto. Hilo lilinishika kuliko teke lenyewe. Nilikaa kwenye ngazi mbichi mpaka ukungu ukainuka, nikiwafikiria watu wanaomwotesha moto mtoro aliyeuawa na mungu wao.

Marudio ya mtihani ni lini? Niandikie tarehe.

Sarafu yangu ya yeni tano sikuitupa. Hutamkwa goen, sawasawa na neno lao la fungamano la watu. Nimekuwekea humu kwenye bahasha. Ina tundu katikati. Ipitishe uzi, uifunge kwenye funguo zako.

Ni mimi somo yako