Mheshimiwa Waziri wa Afya, kabla ya programu naomba tuizungumzie ile "20"

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa ICU katika hospitali moja ya mkoa. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, na naandika kabla usingizi haujanibeba.

Siku hizi tunasikia habari za programu za akili mnemba zinazobashiri, saa kadhaa kabla, ni mgonjwa gani mahututi ambaye mapafu yake yatashindwa kazi ghafla. Sizipingi. Kingekuwepo kitu cha kuninong'oneza saa nane usiku kwamba wa kitanda cha tatu atazidiwa alfajiri, ningekipokea kwa mikono miwili. Ombi langu ni kwamba kabla Wizara haijatia saini mkataba wowote wa namna hiyo, mtume mtu afungue mafaili yetu atazame mstari mmoja tu wa chati: idadi ya pumzi kwa dakika.

Atakuta 20, namba ya mtu mzima anayepumua kawaida. Saa sita 20, saa saba 20, saa nane 20. Mgonjwa anahema mpaka mbavu zinahesabika, naye 20. Hata mimi nimeziandika, nakiri. Presha na mapigo ya moyo mashine inakusomea, lakini pumzi ni mpaka usimame ukodolee kifua cha mtu dakika nzima. Ukiwa na vitanda vinne peke yako, huku mashine inalia na kule dripu imeziba, dakika hiyo utaitoa wapi?

Na pumzi ndizo hutangulia kusema. Mapafu yakianza kuelemewa, mwili huhema kwa kasi ili oksijeni isishuke. Kipimo cha kidoleni, kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, kitaendelea kusoma 94, 95, hasa kama mgonjwa amewekewa oksijeni, huku misuli ya kifua inachoka kimyakimya. Hicho kipimo nacho kina lake: utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi hushindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.

Nikupigie hesabu moja. Kuna kipimo kiitwacho ROX, hakihitaji hata kompyuta. Unachukua oksijeni ya kidoleni, unaigawa kwa kiwango cha oksijeni unachompa mgonjwa, kisha unagawa kwa pumzi zake. Kwa mwenye nimonia aliye kwenye oksijeni ya mkondo wa kasi, inayopulizwa puani kwa nguvu, 4.88 au zaidi ni dalili kwamba huenda asihitaji mashine ya kupumulia. Sasa huyu anasoma 92, anapewa asilimia 60 (yaani 0.6), anahema mara 34. Jibu ni 4.5: mwamshe daktari. Futa 34, andika ile 20 yetu, unapata 7.7: mwache daktari alale. Mgonjwa ni yuleyule.

Programu italishwa 20 hiyohiyo. Tena nyingi za watafiti zimefunzwa kwa kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali moja ya Boston, mahali ambapo kupima gesi za damu, yaani kuchota damu ya mshipa na kupima oksijeni iliyomo, ni jambo la kila siku. Kwetu kemikali zikiisha, mashine ya kupimia inafunikwa shuka.

Wenzetu wa Kigali waliukuta ukuta huu. Vigezo vya kimataifa viitwavyo vya Berlin, vya mwaka 2012, vya kutambua mapafu yaliyoshindwa vilidai gesi za damu na mashine ya kupumulia. Katika utafiti wao uliochapishwa 2016, walitumia kipimo cha kidoleni badala ya gesi za damu, wakaliacha sharti la mashine, na mapafu wakayatazama kwa ultrasaundi au eksirei. Kati ya wagonjwa zaidi ya elfu moja waliowakagua wakawapata 42 wenye tatizo hilo. Kwa vigezo vya Berlin asingepatikana hata mmoja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, muuzaji akija, mwambieni programu yake ifanye kazi kimya kwanza, kwa miezi, juu ya wagonjwa wetu, tulinganishe ilichobashiri na kilichotokea. Mkataba useme kengele ikilia usiku anaitwa nani, na huyo mtu awepo kweli. Na sehemu ya fedha iajiri wauguzi, ili kila kitanda kipate ile dakika yake.

Saa ya ukutani ya ICU yetu, yenye mshale wa sekunde tunaohesabia pumzi, imesimama tena. Betri nimeshanunua mwenyewe mara mbili. Ya tatu nakuachia wewe.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa zamu ya usiku