Kimbunga gani hicho na minazi imetulia?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama mchuuzi wa samaki hapa Kilwa Kivinje, nina miaka 22 katika kazi hii, na nina nusu hisa katika mashua moja. Naomba nafasi nizungumzie kimbunga Hidaya cha Mei 2024, maana yaliyotupata siku zile bado yananiuma.

Ijumaa ya Mei 3, kundi letu la WhatsApp la wachuuzi liliingiwa na vitu viwili. Kwanza sauti ya mwanamume anahema: ana ndugu yake TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kaambiwa leo saa nane mchana Kilwa yote inamezwa, tukimbilie vilimani. Nyuma yake ikaja video: ukuta wa maji unaingia mjini, unasomba magari, watu wanapiga mayowe.

Sikuuliza. Nilikuwa na ndoo saba za vibua kwenye barafu, nikazitupa kwa bei ya hasara. Nikabeba wajukuu. Saa nane ikafika, ikapita. Mvua ilikuwepo na upepo ulikuwepo, lakini hakuna kilichomezwa. Kufika alasiri vijana wa bandarini wakawa wanacheka: TMA waongo, mwaka 2019 walituambia hivihivi.

Hapo ndipo tulipoharibikiwa, Mhariri. TMA hawakusema saa nane, wala hawakusema Kilwa itamezwa. Aliyesema ni yule wa sauti, ila aibu wakabebeshwa wao. Na hiyo 2019 inayotajwa, kimbunga Kenneth hakikuwa uongo: walitutahadharisha sisi wa Lindi na Mtwara, kikaingia jirani tu, Cabo Delgado, Msumbiji, kikaua watu. Mwaka 2021 Jobo alikuja, akaishiwa nguvu kabla ya kufika kwetu. Kimbunga hupinda njia, na hufifia. Nahodha yeyote anajua upepo haupigi mstari.

Nahodha wetu alikuwa ameshakubali kuipandisha mashua mchangani, nyuma ya mikoko. Baada ya ile saa nane kupita akaiacha nangani. Usiku wa kuamkia Jumamosi kamba ikakatika, asubuhi tukaikuta mwambani imepasuka ubavu, mbao nne zimeng'oka. Mvua hizo zikakata na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi humuhumu wilayani kwetu, barafu haikupita. Watoto wa wavuvi sita walikuwa wanakula kwa mashua ile.

Wiki ya pili nikaifungua tena ile video, safari hii nimekaa, sina haraka. Jua linawaka. Minazi imesimama wima, kuti halitikisiki. Mimi niliyezaliwa pwani, niliyeambiwa na bibi yangu habari za kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952, niliamini kimbunga kisicho na upepo! Magari yanakwenda mkono wa kulia, na sisi tunakwenda kushoto. Mpwa wangu akaisimamisha, akapiga picha kioo cha simu, akaitafuta Google kwa picha hiyohiyo. Ikatoka palepale, imewekwa mtandaoni miaka mingi kabla Hidaya hajapewa jina.

Na ile sauti nikaisikiliza mara tatu. Inasema "leo". Tarehe haina, jina la msemaji halina, na huyo ndugu hatajwi ni nani. Nikaiweka kando ya taarifa ya TMA ya siku ile: imeandikwa tarehe na saa iliyotolewa, kimbunga kiko kilomita ngapi kutoka pwani, upepo una kasi gani.

Msimu uliofuata sauti ileile ikarudi kundini, na "leo" yake ileile. Aliyeileta ni mtu mzima ninayemheshimu. Nikamwandikia: "Shikamoo kaka. Leo hii ni ya lini?" Hakunijibu, ila baada ya dakika chache aliifuta.

Ombi langu kwenu wenye magazeti na redio ni moja. TMA wakitahadharisha, mnaandika kwa herufi kubwa. Kimbunga kikipinda, basi andikeni kwa herufi kubwa hizohizo kimepindia wapi na kwa nini, wavuvi wasibaki wakisema walidanganywa. Mashua yetu tumeshaiziba, iko majini, na nahodha ni yuleyule.

Mama mchuuzi,
Kilwa Kivinje