Wanafunzi wageni waleteni ufukweni, rangi waachieni mafundi

Ndugu Mhariri,

Kila kiangazi Kigoma hupokea wanafunzi wa vyuo vya nje wanaokuja kujitolea na kujifunza. Nimewapokea nyumbani kwangu Kibirizi mara mbili, na nawapenda kama wanangu. Kwa sababu hiyo naomba nafasi niseme na wanaowapangia ratiba, walio huko kwao na walio hapa kwetu: waondoeni kwenye kupaka rangi.

Msichana aliyelala kwangu mara ya mwisho, mtoto wa miaka 19 kutoka Marekani, alitakiwa kuandika kila jioni yale aliyoyaona mchana. Alikuwa akinisomea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku ya kwanza: tumepaka rangi darasa. Ya pili: tumepaka rangi. Ya tatu: rangi, na watoto wametuimbia. Siku ya nne alifunga daftari akaniambia, "Mama, leo sina cha kuandika." Nilimwonea huruma. Na hapo mtaani kwetu wapo vijana mafundi rangi wanaoshinda kijiweni bila kazi.

Siku ya tano rangi iliwaishia, nikamchukua alfajiri kwenda ufukweni. Zilikuwa siku za giza, mbalamwezi haipo, na ndipo dagaa wanapopatikana kwa wingi kwa kuwa hufuata taa za wavuvi. Mitumbwi ikaingia, tukavutana bei, tukabeba mabeseni, tukaanika. Akamwona jirani yangu anamwaga dagaa mchangani wakati mimi natandaza juu ya kichanja cha wavu. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kuwa dagaa wa kichanjani hawana mchanga na wanunuzi wa Dar es Salaam huwapenda zaidi, lakini nguzo na wavu vinataka mtaji, na jirani ana watoto wanaongoja chakula cha leo. Akauliza mvua ikinyesha inakuwaje. Akauliza mwezi ukiwa mkubwa tunaishi vipi. Alishinda akigeuza dagaa na kufukuza kunguru, jua likamwunguza shingo. Usiku ule aliandika mpaka taa ikaisha chaji.

Mitumbwi ya kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, huondokea hapa hapa kwetu. Jane Goodall, Mwingereza mtafiti wa sokwe, alipofika kule Julai 1960 hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikaa msituni akitazama, miezi kwa miezi, hadi sokwe wakaanza kumzoea, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshamwona sokwe akitumbukiza ujani kwenye kichuguu kuvulia mchwa. Sokwe walipewa subira hiyo. Sisi wanawake wa Kibirizi tunaomba japo wiki moja.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Vichanja vilikaa vitupu miezi 3. Wageni walikuja kipindi kile kile, wakapaka madarasa, wakaondoka. Hakuna aliyeletwa kutuuliza tunakula nini. Jambo hilo bado linaniuma, maana wale watoto wangetaka kujua; nimewaona wanavyouliza wakipata nafasi.

Fedha ya rangi wapeni mafundi wa mtaa. Mgeni afundishwe Kiswahili kabla hajapanda ndege, angalau cha kuamkia na kuulizia bei. Akifika apewe mwenzake, mwanafunzi wa sekondari wa hapa, watembee pamoja sokoni, mashambani kwenye michikichi, na hapa ufukweni, naye kijana wetu aandike daftari lake.

Yule msichana aliondoka na la kwake. Humo mna bei zangu, mna habari za jirani yangu na watoto wake, mna na mambo niliyomwambia usiku ambayo sijamwambia mtu mwingine. Walimu wake watayasoma. Naomba chuo chake kitutumie nakala kwa Kiswahili, jirani naye asomewe.

Mwanika dagaa,
Kibirizi, Kigoma